Betri Kwanza, Mashine Baadaye: Namna ya Kuchagua Mashine ya Kukata Nyasi Isiyo na Waya

Swali la msomaji: Nina uwanja wa nyasi wa takribani mita za mraba 600, na sehemu yake ni mteremko. Mashine yangu ya petroli imechoka, nami nataka kuhamia kwenye mashine ya betri. Naona zinauzwa za volti 18, 20, 36, 40, 56 hata 80, na sijui nishike ipi. Je, volti nyingi ndizo bora? Je, betri hiyo hiyo inaweza kuendesha drili na vifaa vingine ninavyotarajia kununua? Na ile ya petroli niiuze mara moja?

Jibu: Ndugu msomaji, maswali yako ni matatu, lakini mawili ya kwanza yana mzizi mmoja, nao ni betri, kwa hiyo nitaanza na betri, na mashine itasubiri kidogo. Anayenunua mashine ya petroli hununua injini tu, kwa kuwa petroli haijali imemiminwa kwenye tangi la nani. Anayenunua mashine ya betri hununua mota pamoja na tangi lake, na tangi hilo limetengenezwa kwa umbo la kampuni moja, halishiki kwenye mashine ya kampuni nyingine, na kwa kawaida huchakaa kabla ya mashine yenyewe. Miaka kadhaa baadaye utahitaji betri nyingine ya umbo lile lile, na hapo ndipo wengi hutambua kuwa walichagua mashine kwa makini lakini betri waliipokea tu kama ilivyokuja ndani ya boksi.

Tuanze na zile namba. Betri za vifaa vya namna hii karibu zote ni za lithiamu-ioni, na seli moja ya aina inayotumika humo huhesabiwa kuwa na volti 3.6 kwa wastani, ingawa ikitoka kwenye chaja ikiwa imejaa hufikia takribani volti 4.2. Ukiziunga seli 5 kwa mfululizo, unapata volti 18 kwa hesabu ya wastani; ukiihesabu kila seli kuwa na volti 4, seli zile zile 5 zinakuwa volti 20. Hii ina maana kwamba betri inayoitwa ya volti 18 na ile inayoitwa ya volti 20 ni betri za daraja moja zilizopewa majina mawili. Ndivyo ilivyo pia kwa 36 na 40, ambazo ni seli 10, na kwa 72 na 80, ambazo ni seli 20. Ile ya 56 ni seli 14 zilizohesabiwa volti 4 kila moja, na wastani wake ni kama volti 50. Orodha ndefu iliyokusumbua, basi, inafupika na kubaki na madaraja manne tu: 18, 36, 50 na 72.

Hata hivyo, volti peke yake haikuambii betri imebeba nishati kiasi gani, na nishati ndiyo inayokata nyasi. Kipimo unachotakiwa kukitafuta ni wati-saa, ambacho hupatikana kwa kuzidisha volti za wastani kwa ampea-saa zilizoandikwa kwenye betri. Betri ya volti 36 yenye ampea-saa 4 ina wati-saa 144. Betri ya volti 18 yenye ampea-saa 8 nayo ina wati-saa 144, bila kupungua wala kuzidi. Kwa upande wa nishati, hizo mbili ni sawa kama madebe mawili ya ujazo mmoja, moja likiwa refu na jingine likiwa pana. Watengenezaji wengi huandika wati-saa kwenye kibandiko cha betri yenyewe, mara nyingi kwa maandishi madogo upande wa chini, na mimi hupenda kuigeuza betri na kuyasoma maandishi hayo kabla sijasoma chochote kilichoandikwa kwenye boksi.

Je, volti haina kazi yoyote? Inayo, nayo huonekana kazi inapokuwa nzito. Nguvu ya wati 900 ikitoka kwenye betri ya volti 18 inahitaji mkondo wa ampea 50. Ikitoka kwenye betri ya volti 36 inahitaji ampea 25 tu. Joto linalopotea kwenye nyaya na viungo hukua kwa mraba wa mkondo, kwa hiyo mkondo ukipungua nusu, joto katika nyaya zile zile hushuka hadi robo. Ndiyo sababu mashine za kukata nyasi na misumeno mikubwa ya mnyororo huegemea volti 36 na kuendelea, ilhali drili, ambayo hufanya kazi kwa vipindi vifupi, huridhika kabisa na volti 18. Baadhi ya watengenezaji wametatua tatizo hili kwa kutengeneza mashine za kukata nyasi zinazopokea betri mbili za volti 18 kwa pamoja, zikaungwa kwa mfululizo ndani ya mashine na kutoa volti 36. Kwa mtu kama wewe, anayetaka betri moja izunguke kati ya nyasi na drili, mpango huo unastahili kufikiriwa kwa uzito, nami nitaurudia.

Sasa tuuhesabu uwanja wako, kwa sababu hesabu hii ndiyo itakayokulinda. Tuchukulie mashine yenye upana wa kukata wa sentimita 40. Kila mstari hupanda kidogo juu ya mstari uliopita ili pasibaki vishungi, kwa hiyo upana unaofaidi ni kama sentimita 35. Ukitembea mita 1 kwa sekunde, mwendo wa kawaida wa mtu anayesukuma kitu, unakata mita za mraba 21 kwa dakika. Lakini kuna kugeuza, kuna kuzunguka miti, kuna kumwaga mfuko wa nyasi, na ukiyatoa yote hayo unabaki na kama mita za mraba 15 kwa dakika. Mita za mraba 600 zitakuchukua dakika 40. Ikiwa nyasi ni kavu na fupi na mashine inatumia wastani wa wati 500, umetumia wati-saa 333. Ikiwa nyasi zimerefuka, zimelowa na zimebanana, mashine hiyo inaweza kudai wati 900, nawe utalazimika kutembea polepole hadi dakika 40 ziwe 60. Hapo umetumia wati-saa 900, karibu mara tatu ya siku ile nyepesi, kwenye uwanja ule ule.

Hii ndiyo sababu siamini sana maneno ya matangazo yanayoanza na "hadi": hadi dakika kadhaa, hadi mita za mraba kadhaa. Tangazo hueleza siku nzuri, na siku nzuri haimsumbui mtu. Nunua kwa kuifikiria siku yako mbaya ya kawaida. Simaanishi ile moja uliyosafiri miezi miwili ukakuta pori, bali ile inayojirudia kila msimu mvua inapokuzuia wiki mbili. Kwa uwanja wako ningelenga jumla ya wati-saa kama 900, yaani, kwa mfano, betri tano za volti 36 zenye ampea-saa 5 kila moja, ambazo kwa pamoja ni wati-saa 900, au betri kumi za volti 18 zenye ampea-saa 5, ambazo jumla yake ni ile ile. Mashine inayokuja na betri moja ya wati-saa 144 itafanya kazi vizuri kwa dakika 17 katika nyasi kavu, kisha itakuacha katikati ya uwanja.

Huenda ukasema kwamba betri moja ikifanya kazi nyingine itakuwa inachajiwa, na hivyo mbili ndogo zitatosha bila mwisho. Wengi huamini hivyo, na hesabu haikubali. Betri ya wati-saa 180 inayoliwa kwa wati 500 inaisha kwa dakika kama 22. Ili ijae tena ndani ya dakika hizo hizo, chaja lazima iingize karibu wati 500. Chaja nyingi zinazowekwa ndani ya boksi pamoja na mashine huingiza wati 60 hadi 100, ambazo zitahitaji saa mbili au tatu. Isitoshe, betri iliyotoka kwenye nyasi nzito huwa na joto, na chaja iliyoundwa vizuri hukataa kuanza hadi ipoe, jambo ambalo ni hekima ya chaja na si ubovu wake. Kwa hiyo tazama chaja kama unavyotazama betri: soma ampea zake za kutoa, zizidishe kwa volti, ulinganishe na wati-saa za betri, nawe utapata muda wa kuchaji kwa kukadiria. Chaja ya haraka yenye feni inafaa kuongezewa gharama kwa mtu ambaye uwanja wake unazidi betri zake kidogo. Kwa mtu ambaye betri zake zinamtosha, chaja ya polepole haimpunguzii kitu.

Kuhusu mashine yenyewe, jambo la kwanza ninalolikagua ni mota. Mota za zamani zina brashi za kaboni zinazosugua pete ya shaba iliyo kwenye shafti inapozunguka. Husagika, hutoa cheche, na hupoteza sehemu ya nishati kwa joto. Mota zisizo na brashi huongozwa na saketi ya kielektroniki, hudumu zaidi, na hupata kazi kubwa zaidi kutoka kwenye betri ile ile. Kwenye chombo kinachofanya kazi dakika 40 mfululizo tofauti hiyo si ndogo, nami sioni sababu ya kununua mashine ya nyasi yenye brashi siku hizi. Saketi hiyo hiyo huhisi kisu kinapolemewa na kuongeza mkondo, kisha huupunguza nyasi zikiwa nyepesi, jambo ambalo huokoa nishati nyingi kwenye uwanja usio na urefu mmoja.

Upana wa kukata uwe wa kadiri. Upana wa sentimita 50 hupunguza mizunguko, lakini kisu kirefu hudai nguvu zaidi kwa kila hatua, na mashine huwa nzito kuigeuza. Kwa mita za mraba 600 zenye mteremko, sentimita 40 hadi 46 zinatosha. Magurudumu yanayojiendesha hula sehemu ya betri, na kwenye uwanja tambarare wa ukubwa wako ningekuambia uyaache. Lakini kwa kuwa una mteremko, yachukue, kwa sababu mtu aliyechoka kwenye mteremko ndiye anayeteleza. Kata mteremko kwa kwenda kando, ukivuka kutoka upande hadi upande, wala si kupanda na kushuka, ili mguu ukiteleza usiende chini ya mashine na mashine isikujie wewe.

Kisu butu hula betri kuliko jambo lolote unaloweza kulirekebisha mwenyewe. Kisu kikali hukata unyasi. Kisu butu huurarua, na kuraruliwa kwake huhitaji nguvu zaidi na huacha ncha zilizochanika ambazo baada ya siku mbili hugeuka kahawia. Aliyezoea petroli haoni hasara hii kwa sababu injini hunguruma tu na kuendelea. Kwenye betri utaiona kwa dakika zinazopotea. Noa kisu mara kadhaa katika msimu, na kila unapokigusa, toa betri kwanza. Sisemi uzime mashine. Nasema betri itoke na iwekwe pembeni, kwa sababu mashine ya petroli ilikupa onyo kwa mlio wake, ilhali hii iko kimya hata ikiwa tayari kuzunguka. Vilevile usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu wa nyasi kwa mara moja. Kanuni hiyo ni ya wakulima wa nyasi na lengo lake ni afya ya mizizi, lakini inailinda betri pia: nyasi zikiwa ndefu mno, pita mara ya kwanza kisu kikiwa juu, kisha rudi siku nyingine kikiwa chini.

Swali lako la pili, kama betri hiyo itaendesha vifaa vingine, jibu lake ni ndiyo ukibaki ndani ya familia moja, na hapa ndipo uamuzi wako wa kweli ulipo. Familia za volti 18 ndizo pana kuliko zote: drili, misumeno ya mviringo, grainda, taa, pampu za upepo, mashine za kupunguza ua. Familia za volti 56 na 80 mara nyingi zimejengwa kwa ajili ya bustani, na vifaa vya ufundi humo ni vichache au havipo. Makampuni kadhaa yameungana ili kutumia betri moja ya volti 18. Muungano wa CAS (Cordless Alliance System) ulianzishwa na kampuni ya Metabo mwaka 2018, na mwingine unaoitwa Power for All ulianza mwaka 2020 ukiwa na Bosch na Gardena miongoni mwa waanzilishi. Miungano hiyo inapunguza kifungo, lakini haikiondoi, kwa sababu hata ndani ya kampuni moja betri za vifaa vya nyumbani na za vifaa vya mafundi zinaweza kuwa na umbo tofauti. Kabla hujalipa, shika betri mkononi na uhakikishe inaingia kwenye kifaa cha pili unachokitaka.

Kumbuka pia kwamba vifaa havili sawasawa. Mashine ya kupunguza ua hutumia kidogo sana, na betri ya ampea-saa 2 itakuchosha wewe kabla haijachoka yenyewe. Drili ni ya vipindi vifupi. Mlafi ni kipulizio cha majani: kwenye nguvu ya juu kabisa humaliza betri kubwa kwa dakika chache, na anayekinunua akitarajia muda wa mashine ya nyasi atasikitika. Grainda na msumeno wa mviringo vina tabia nyingine, nayo ni kudai mkondo mkubwa kwa ghafla. Betri ndogo ya volti 18 yenye ampea-saa 2 kwa kawaida ina seli 5 tu katika mstari mmoja, na kila seli hubeba mkondo wote. Betri ya ampea-saa 4 au 5 mara nyingi ina seli 10 katika mistari miwili iliyo sambamba, na kila seli hubeba nusu. Ndiyo maana grainda ile ile hujizima ikiwa na betri ndogo na hufanya kazi kwa utulivu ikiwa na kubwa, hata kama zote mbili zimejaa. Betri mpya zaidi hutumia seli nene za milimita 21 kwa 70 badala ya zile za zamani za milimita 18 kwa 65, na kwa kazi nzito seli nene huhimili vizuri zaidi. Kwa hiyo, ukichukua mpango wa volti 18 mbili mbili niliousema, chagua betri kubwa kwa ajili ya nyasi, kisha ongeza ndogo moja nyepesi ya drili, kwa sababu kuinua betri nzito juu ya kichwa siku nzima ni adhabu isiyo na sababu.

Utunzaji una mambo machache, lakini yanaumiza yakipuuzwa. Betri nyingi zilizofika mezani kwangu zikiwa zimekufa hazikufa kwa kazi. Zilikufa kwa kukaa. Mwenyewe alikata nyasi mara ya mwisho, betri ikaisha, akaifungia stoo ikiwa tupu, na baada ya miezi mitano saketi ya ndani ilikuwa imenyonya kilichobaki hadi seli zikashuka chini ya kiwango ambacho chaja inakubali. Betri inayokwenda kupumzika iache ikiwa na chaji ya nusu hivi, mahali pakavu na pa baridi ya kiasi, nje ya mashine. Usiiache kwenye buti ya gari lililoegeshwa juani, wala juu ya chaja kwa miezi. Penye baridi ya chini ya nyuzi 0 usiichaji, kwa sababu lithiamu hujipaka kama chuma ndani ya seli badala ya kuingia mahali pake, na madhara hayo hayarudi nyuma.

Wapo watakaokushauri uimalize betri kabisa kabla ya kuichaji. Ushauri huo ulitoka enzi za nikeli-kadimiamu, ambazo ziliendesha drili zisizo na waya tangu Black & Decker ilipotoa ya kwanza mwaka 1961, na ambazo Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku kwenye vifaa vya namna hii kuanzia mwisho wa mwaka 2016 kwa ajili ya sumu ya kadimiamu. Lithiamu-ioni ni kemia nyingine. Hii hupendelea kuchajiwa kabla haijaisha, hata mara mbili kwa siku ikibidi.

Neno moja kuhusu betri za kuiga, zenye umbo la betri halali na zinazouzwa kwa bei inayovutia. Ndani ya betri nzuri mna saketi inayolinda kila seli isijazwe kupita kiasi, isikamuliwe kupita kiasi na isichemke. Hapo ndipo anayeiga hupunguzia gharama kwanza, kwa sababu mnunuzi hawezi kupaona. Seli ya lithiamu iliyokosa ulinzi inaweza kuwaka, na moto wake hujirudia hata baada ya kuonekana umezimika. Afadhali ununue betri moja halali leo na ya pili baadaye kuliko tatu usizojua zimebeba nini. Na zikichakaa, usizitupe pamoja na taka za kawaida. Funika ncha zake za shaba kwa utepe na uzipeleke panapokusanywa betri.

Tunabaki na mashine yako ya petroli. Huenda umesikia kwamba jimbo la California nchini Marekani lilianza mwaka 2024 kudai mashine mpya za nyasi zisitoe moshi, ukahisi kwamba yako imeshapitwa na wakati. Kanuni hiyo inahusu mashine mpya zinazouzwa. Haikumnyang'anya mtu aliyokuwa nayo. Kwa hiyo usiiuze bado. Ikae msimu mmoja kama akiba, kwa siku ile ambayo nyasi zitakuwa zimezidi wati-saa zako, nawe uhesabu ni mara ngapi umeihitaji. Ukiihitaji mara moja au mbili, ongeza betri moja na uiachie. Ukiihitaji kila mwezi, basi ama betri zako ni ndogo kwa uwanja huo ama kisu chako ni butu, na ukague kisu kwanza. Kabla ya kuiegesha, toa petroli yote iliyo ndani ya tangi, kisha uiwashe iungurume hadi ijizime yenyewe, ili isibaki hata kidogo ndani ya kabureta. Petroli inayolala humo miezi kadhaa hugeuka gundi, na atakayekuja kuinunua atataka kuisikia ikiwaka.